Ugonjwa Tuliousingizia Mlima

Kwa miaka mingi ya utu uzima wangu, tena nikiwa na cheti kimetundikwa ukutani, niliamini kwamba damu ya mtu wa ziwani ni nyepesi na damu ya mtu wa milimani ni nzito, na kwamba mtu akihama mwinuko wake damu hiyo humgomea. Mnyasa akipanda Umatengo, damu yake huganda kwa baridi kama mafuta ya nguruwe kwenye sufuria ya asubuhi. Kichwa humgonga, macho huona vimulimuli, miguu hujaa. Mmatengo akishuka Mbamba Bay, damu yake huchemka, naye hutokwa damu puani kabla hajamaliza kushangaa ukubwa wa maji. Dawa, tuliambiwa, ni moja tu: mrudisheni mgonjwa alikotoka. Sikuliamini jambo hili nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba kahawa ya Maguu inazishinda kahawa zote za dunia, na ushahidi nilikuwa nao nyumbani: mjomba wangu alishuka ziwani kwenye harusi, akatokwa damu puani ya kutosha kupaka rangi kanisa dogo. Kwamba njiani mjomba alikuwa amegombana na kondakta wa basi, na kondakta yule alikuwa na mkono mzito, ni jambo ambalo familia haikulitilia maanani.

Naanza na upuuzi huu, ndugu msomaji, kwa sababu wiki iliyopita tumemzika Maguu, huku kwetu milimani, mwanamke ambaye upuuzi huu ulishiriki kumuua. Simtaji jina. Ameacha watoto wawili, mmoja bado yuko kwenye chumba cha joto cha watoto njiti, na ipo siku watajua kusoma magazeti. Wengi wenu wa Mbinga mjini mlimjua bila kumjua: yule dada wa usipa, dagaa wale wa Nyasa, mwenye sauti iliyoweza kuamsha soko zima pamoja na wanaolala kwenye magunia ya mahindi. Mimi nilimjua zaidi kidogo. Tulikaa dawati moja.

Ilikuwa kwenye masomo ya jioni, katika shule ya msingi ambayo mchana ilikuwa ya watoto na jioni yetu sisi tuliochelewa. Madawati yalikuwa madogo, magoti yetu yalikaribia masikio, na mtu mnene akishakaa ilibidi aitwe fundi seremala kumtoa. Mimi nilikuwa nikitokea dukani kwangu, duka la mbegu, majembe na viatu vya mpira. Yeye alikuwa akitokea sokoni, na harufu ya usipa iliingia darasani kabla yake na kuitikia jina kwa niaba yake. Wenzetu walihamia nyuma. Mimi nilibaki, wala si kwa wema. Alikuwa anajua hesabu. Utani ulianza siku ya kwanza. “Nyie watu wa milimani,” aliniambia, “mkioga mnaogopa kuzama kwenye ndoo.” Nikamjibu kwamba kwao mtu akiulizwa shamba lake liko wapi huonyesha maji. Tangu siku ile akaniita Msomi, kwa sauti ile ambayo mtu humwitia mbuzi wake Rais.

Mwalimu wa baiolojia alituchoresha moyo. Vyumba vinne, mishipa inayopeleka na mishipa inayorudisha. Moyo wangu ulitoka kama kiazi kilichochimbwa na mlevi. Wake ulitoka mzuri hata mwalimu akaubandika ukutani, ukakaa pale mpaka watoto wa mchana wakauchorea masharubu. Nimeukumbuka sana mchoro ule siku hizi. Mishale myekundu na ya bluu ilizunguka vizuri kabisa, na hakuna mahali popote palipoonyesha mlima. Lakini ya darasani tuliyaacha darasani, pamoja na chaki. Jioni ile ile, tulipotoka nje kwenye baridi ya Juni, alisema kichwa kinamuuma, nami niliyetoka sasa hivi kuchora moyo nikamwambia, “Damu ya ziwani hiyo, inaganda.” Akacheka, akajitanda khanga ya pili, akasema basi siku ya mtihani wamletee jiko la mkaa chini ya dawati. Mtihani alifaulu kuliko mimi. Hilo nalo nililihusisha na usipa.

Aliolewa na mkulima wa kahawa wa Maguu, mtu mpole niliyekua naye, ambaye katika kipindi cha uchumba alinunua usipa mwingi kiasi kwamba paka wa kijiji kizima walihamia kwake. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mkubwa. Mkubwa haswa; mimi nilitangaza sokoni kwamba kazaliwa na meno na ameshauliza bei ya kahawa. Tulishangilia ukubwa ule. Hatukushughulika na habari kwamba muda mfupi baada ya kuzaliwa binti yule alilegea na kuwa wa baridi, wauguzi wakahangaika naye mpaka akapata nguvu. Mimba iliyofuata ndipo kliniki walipompima mama sukari wakaikuta iko juu, wakamweleza bila kuzungukazunguka. Mimba yenyewe inaweza kuubana mwili wa mama mpaka ushindwe kuitawala sukari. Ile inayozidi humfikia mtoto, naye hunenepa kupita kiasi; kisha kitovu kikikatwa, neema ile hukoma ghafla wakati mwili wake bado umejiandaa kwa karamu, na sukari yake mwenyewe huporomoka. Wakamwambia pia kwamba mwenye sukari ya mimba huwa karibu zaidi na presha ya mimba kuliko wenzake, hivyo asikose kupimwa. Apunguze vitamu, atembee, ugali ale kwa kiasi, samaki na mboga asijinyime.

Sasa, kwetu mkwe akiwa mjamzito huletewa togwa. Mama mkwe huipika kwa mkono wake, huiwekea kimea mpaka ikolee, na siku hizi huongeza na sukari ya dukani juu yake ili mapenzi yaonekane. Kuikataa ni sawa na kumwambia mama wa watu kwamba hanawi mikono. “Kunywa, mwanangu, mko wawili humo,” mama mkwe alisema kila alipoleta kibuyu. “Asante mama, naiacha ipoe.” Ikapoa kila siku. Ikishapoa, mwenzangu alizunguka nyuma ya nyumba na kuimimina kwenye kihori cha nguruwe. Nguruwe yule alinenepa hata akashindwa kugeuka bandani. Ukimtaka nje ulimtoa kinyumenyume. Mama mkwe akawa anajisifu kotekote: mkwe wake anamaliza togwa, na nguruwe wake ana baraka. Mwenzangu alinisimulia haya dukani kwangu akiwa anafuta machozi ya kicheko. “Msomi, ukimwambia mtu, nakuletea usipa wenye mchanga.” Sukari ikashuka. Kliniki wakampongeza. Nayasema haya msije mkadhani tunamlilia mtu mzembe. Adui wa kwanza alitajiwa jina, akamshinda kwa akili na kwa heshima, bila kumkosea mtu yeyote isipokuwa nguruwe.

Adui wa pili tulimpa sisi jina, na tulimpa lisilo lake.

Msimu wa kuchuma kahawa ulipoanza mimba ilikuwa kubwa, lakini kahawa ikishaiva haijui kwamba mwenye shamba ana mimba. Alikuja dukani na mumewe kutafuta viatu vya mpira vya kupandia mteremko. “Viatu vyako vya mwaka jana vimesinyaa, Msomi. Uliniuzia mpira au ganda la nyanya?” Nikamletea namba yake, haikuingia. Nikamletea iliyofuata, haikuingia. Aliondoka na namba ya mumewe, na mumewe akasema sasa mwenye kuamka kwanza ndiye mwenye viatu. Tulicheka. Uso wake nao ulikuwa umejaa, pete imezama kidoleni, na mteja mmoja mama wa Kitura akamwambia kwa moyo mweupe, “Hee, dada, milima imekukubali! Angalia ulivyojaa!” Kwetu hiyo ni sifa kubwa kuliko cheti.

Nilimuuliza habari za kichwa, maana alikuwa amekishika kwa mkono mmoja muda wote. “Kinagonga tangu juzi,” alisema, “na naona nyota, kama mtu anayepuliza moto mbele ya macho yangu.” Mumewe akageuka. “Si walisema kliniki? Ukiumwa kichwa kisichoisha, ukaona nyota, urudi siku hiyo hiyo?” Ndiyo, ndugu msomaji, waliambiwa. Waliambiwa wote wawili, kwa Kiswahili, wakaelewa. Naye akamjibu mumewe kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: “Hicho walichosema wao ni kichwa cha mimba. Hiki ni cha mlima. Nakijua tangu masomo ya jioni. Muulize Msomi.” Wakanitazama. Nami, mwenye cheti ukutani, nikawasimulia habari za mjomba.

Basi shauri likakatwa pale pale, juu ya meza ya duka, kati ya mifuko ya mbegu. Ashuke ziwani kwa mama yake, apumzike, damu irudi kwenye wepesi wake, kisha apande tena ajifungue. Mumewe alisita kidogo, akasema labda wapitie kliniki kwanza kwa vile wameshafika mjini. Akaambiwa kliniki kuna foleni na basi linaondoka. Ukitoka dukani kwangu, kliniki iko mkono wa kulia na kituo cha basi mkono wa kushoto. Walikwenda kushoto. Nilimpungia mkono, naye akanyanyua mguu wenye kiatu cha mumewe kunionyesha kwamba ameridhika na bidhaa.

Kesho yake alinipigia simu. Nyuma yake nilisikia watoto, kuku, na mtu anayegonga mtumbwi. “Msomi, kimepoa! Nimelala mchana kutwa, miguu imepungua. Mama kanichomea samaki mbasa, nyie huko endeleeni kula maharage.” Bila shaka ilipungua, mtu aliyekuwa anasimama mteremkoni kutwa nzima akilazwa na kuinuliwa miguu lazima apate nafuu ya siku moja. Lakini sisi tuliipokea habari ile kama hukumu ya mahakama kuu. Nilimpigia mumewe kumpongeza. Nilimwambia karibu kila mteja. Nadhani siku ile niliuza imani ile kwa watu wengi kuliko niliowauzia mbegu.

Siku iliyofuata, mchana, akiwa ameketi na mama yake wakichambua usipa, alisema tumbo linamchoma juu, chini ya mbavu. Kisha akaanguka, akakakamaa, akaanza kutikisika mwili mzima. Hapo hadithi yetu ikafanya kazi yake ya mwisho. Waliokuwapo walisema asiguswe: damu iliyoganda milimani sasa inayeyuka, na ikiyeyuka lazima itikise. Wakamfunika shuka, wakangoja iyeyuke. Alipotulia wakasema mnaona. Alipoanza kutikisika mara ya pili, mama yake mdogo aliona amejing'ata ulimi na povu lina damu, akapiga kelele itafutwe gari, na akawatukana wote waliokaa, wakubwa kwa wadogo. Kituo cha afya cha jirani walimchoma sindano, wakasema hiki ni kifafa cha mimba na hapa hapatoshi, apelekwe hospitali kubwa. Gari la wagonjwa likampakia. Na hospitali kubwa iko wapi? Juu. Gari likapanda naye mlima ule ule tuliotaka kumwepusha nao. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, mdogo, wa kiume, mzima. Mama yake hakufumbua macho.

Msibani nilimwona nguruwe kwa mara ya mwisho. Alichinjwa yeye kulisha waombolezaji, na kwa unene ule alitutosha wote mpaka wale waliotoka Kitai. Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani, analia na kusema, “Alikuwa akimaliza togwa yangu yote, hata siku moja hakuibakiza.” Nilikuwa na sahani mkononi. Siri ile nimekaa nayo, na leo naiandika hapa kwa sababu mama mkwe hasomi magazeti, na kwa sababu nadhani akiisikia atajua alipendwa kiasi gani.

Nimejaribu kuelewa tulipopotelea. Tumezoea kusema watu wetu wanakufa kwa kutojua. Huyu alijua. Alijua dalili, alizitaja mwenyewe dukani, akazitaja sawasawa. Shida ni kwamba kila dalili ilipobisha hodi ilikuta tayari tumeshampa mtu mwingine kiti chake. Uvimbe tulishaupa jina la kunawiri. Kichwa tulishakipa jina la baridi. Nyota tulishazipa jina la jua la mteremkoni. Na msidhani ni kosa la Maguu peke yake. Kitai, nimeambiwa, mjamzito akiumwa kichwa husingiziwa moshi na vumbi la magari ya Songea. Kitura husingiziwa kuinama mashambani, kwenye yale mashimo yetu ya ngoro. Ziwani husingiziwa mwanga wa maji. Kila kijiji kina mlima wake wa kusingizia, na watu wema kabisa wa kuushuhudia, kila mmoja na mjomba wake. Tuliililia lami miaka mingi, tumeipata, na nimeisifu kwenye safu hii mpaka mhariri akachoka. Lakini barabara haimuulizi mtu anakwenda upande gani. Zamani mteremko ule ungetuchukua kutwa, na huenda katikati ya safari mtu angebadili mawazo. Siku hizi hata makosa yanawahi kufika.

Naomba nizungumze na wanaume kidogo, wale wa kahawa, wale wanaonunua mbegu kwangu. Mti wa kahawa ukibadilika rangi ya jani moja, unamwita bwana shamba, unapiga picha, unabeba jani hilo kwenye mfuko wa shati mpaka mjini. Hakuna anayesema mti umeumwa kwa sababu ulitoka kitalu cha mbali. Mke akibadilika uso mzima tunamwambia amependeza. Na nyie mama zetu mnaopika togwa, pikeni, lakini ulizeni kwanza kliniki wamesema nini, maana si kila nyumba ina nguruwe mwenye kujitolea. Mjamzito akisema kichwa, tusikae kujadili kimetoka mlimani au ziwani. Apelekwe, kipimo kijadili.

Juzi niliwasindikiza mume na mama mkwe hospitalini kumtazama mtoto. Nilidhani tunakwenda kumtazama tu, kumbe mama mkwe alikuwa na jambo lake. Tulipompata daktari, binti mmoja mrefu aliyekuwa anatoka chumba cha watoto akifuta miwani, alituamkia vizuri. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu. Tumekuja kuuliza. Huyu mtoto na dada yake damu yao ni ya pande mbili. Tumekaa kikao, tunaogopa mlima usije ukawachukua kama ulivyomchukua mama yao. Tuwapeleke ziwani wakalelewe huko?” Mume alikuwa ametazama kioo cha chumba, na niliona kwamba jibu lolote litakalotoka, mtu huyu atalitii, na akiambiwa awapeleke ziwani atarudi Maguu kwenye nyumba isiyo na mtu. Kwa hiyo nikaona nimsaidie daktari. Nikamweleza nadharia yote kwa lugha ya kisomi, damu nzito, damu nyepesi, kuganda na kuchemka, nikamalizia na mjomba na kanisa dogo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, ingawa mahali pa kucheka nilimwachia pengi. Akavaa miwani yake, akaniacha mimi, akamgeukia mama mkwe.

“Mama, mimi nimezaliwa Mbamba Bay, nimekulia kwa shangazi Maguu, na nafanya kazi hapa. Damu yangu haijabadilika. Watoto waleeni nyumbani kwa baba yao, hakuna mlima utakaowachukua. Mkwe wako alikuwa na presha ya mimba. Ingepimwa siku ile ile, huku huku juu, tungemlaza, tungempa dawa ya kuishusha na sindano ya kuzuia kifafa, na mtoto tungemtoa mapema. Kichwa kile kilikuwa cha mimba.”